Kamati Ikivunjwa, Barua ya Tanga Inakwenda kwa Nani?

Mwaka juzi tawi letu hapa Tanga liliandika barua kwa kamati ya mafunzo ya shirika la kimataifa ambalo sisi ni sehemu yake. Tulikuwa tumemaliza kutafsiri mwongozo wa wakufunzi kwa Kiswahili, kurasa 64, kazi iliyofanywa na watu watano usiku baada ya kutoka makazini. Kanuni zinataka tafsiri yoyote ipate idhini kabla ya kutumika. Tukatuma, tukasubiri. Mwezi wa kwanza tulisema wana shughuli nyingi. Mwezi wa tatu tukatuma ukumbusho. Mwezi wa saba, mjumbe wa tawi la nchi jirani aliyetupigia simu kwa jambo jingine kabisa ndiye aliyetuambia kwamba kamati ile haipo tena. Ilivunjwa katika mpango mpya, kazi zake zikagawiwa vikundi vitatu, na anwani yake ya barua pepe ikaachwa inapokea barua bila mtu wa kuzifungua.

Miezi saba hiyo ilikula msimu mzima. Walimu wa kujitolea tuliokuwa tukiwaandaa kule Pongwe walifundishwa kwa mwongozo wa Kiingereza, mmoja anasoma, mwingine anafasiri papo hapo, na nusu ya muda ikaishia kwenye kufasiri. Shirika lenyewe silitaji. Kila nikikaa na watu wanaojitolea katika mashirika mengine ya elimu yenye makao nje, nakuta nao wana barua yao iliyopotea namna hiyohiyo.

Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia jinsi mashirika haya yanavyopanga upya kamati zao. Ni jambo lenye mikono mingi, na wengi wetu tulio matawini huliona kama mambo ya wakubwa huko juu. Lakini mkutano mkuu ukija tunaombwa kulipigia kura, na mara nyingi tunanyoosha mkono bila kujua tumeridhia nini.

Nianze na kamati tunayoijua sote, ya harusi. Huundwa siku moja sebuleni: mwenyekiti, katibu, mwekahazina, kisha kamati ndogo za chakula, ukumbi na mapambo, usafiri, muziki. Harusi ikipita, kamati haipotei kama moshi. Inapangwa siku ya kuvunja kamati. Watu watakula na kunywa, sawa, lakini kwanza mwekahazina husimama na daftari lake: kilichoahidiwa, kilichoingia, kilichotoka, nani hajamalizia ahadi, viti vya kukodi vimerudi vingapi, sufuria la bibi wa jirani liko kwa nani. Kikibaki chochote, maharusi hukabidhiwa. Wiki mbili baadaye mwenye ukumbi akija kudai kioo kilichovunjika, yeyote aliyekuwa kwenye kikao kile anajua amwelekeze kwa nani.

Mashirika makubwa ya kujitolea, yenye katiba ndefu na wanasheria, hujua sana kuunda kamati. Kuvunja kamati, kwa maana hii yetu, wengi hawajui. Hutoa tangazo, huchora mchoro mpya wenye visanduku na mishale, basi.

Karatasi inasema hivi, kazi inafanyika vile

Kuna kamati inayoamua, kuna inayoshauri, kuna inayotenda, na zote huitwa kamati. Kinachozitofautisha ni hadidu za rejea, ile karatasi inayosema kamati imepewa nini, inawajibika kwa nani, akidi yake ni watu wangapi na inakwisha lini. Katika mashirika mengi ya kujitolea karatasi hiyo iliandikwa zamani na aliyeiandika ameshaondoka. Hapo mazoea huchukua usukani. Kamati iliyoundwa kushauri huanza kuamua, kwa kuwa ndiyo yenye watu wanaojua mambo na bodi haina muda. Nyingine iliyopewa uwezo wa kuamua huuogopa, ikawa inasukuma kila kitu juu.

Wanaochora muundo mpya husoma karatasi. Kazi, kwa miaka mingi, imekuwa ikiendeshwa na mazoea. Ukitaka kujua kwa nini mipango mingi mizuri huvurugika, angalia hapo kwanza.

Kamati yetu ya mafunzo, kwa maandishi, ilikuwa ya kushauri tu. Kwa mazoea ndiyo iliyokuwa ikitoa idhini za tafsiri, ikitunza orodha ya wakufunzi waliofuzu, na ikilitafutia tawi dogo mkufunzi wa kuazima pale wa kwake anapougua. Ilipovunjwa, kazi ya kushauri ilipata mrithi, maana ilikuwa imeandikwa. Nyingine zote zilianguka katikati. Hakuna aliyezikataa, ila hakuna aliyeambiwa kuwa ni zake.

Kuna sababu nyingine ya kamati kujaa. Mtu akisimama mkutano mkuu na hoja nzito, jibu lisilomuudhi yeyote ni kuunda kamati, na mwenye hoja awe mwenyekiti. Anayejitolea halipwi mshahara. Analipwa kwa heshima na kwa kuona kazi yake inafika mahali. Kumwambia kwamba kamati yake haihitajiki tena, baada ya miaka minane ya kununua bando kwa pesa yake ili ahudhurie vikao, ni maneno magumu kuyatamka. Kwa hiyo bodi huahirisha mwaka hadi mwaka, mpaka fedha ipungue au watu waishe, ndipo inavunja zote kwa mpigo. Hivyo ndivyo mpango mpya unavyokuja kwa kuchelewa na kwa kishindo.

Piga hesabu uone. Shirika lenye kamati 12 za watu saba saba linahitaji watu 84. Kila kamati ikikutana mara moja kwa mwezi, ni vikao 144 kwa mwaka, kila kimoja na ajenda yake, muhtasari wake na yatokanayo yake. Watu 84 wenye uzoefu, Kiingereza cha vikao na intaneti isiyokatika hawapatikani kirahisi, kwa hiyo walewale ishirini na wanane huketi katika kamati tatu tatu. Wanachoka. Mwenye kuchoka hajiuzulu. Huacha tu kujibu, na jina lake linabaki kwenye orodha.

Halafu kuna saa. Kikao kikipangwa saa mbili usiku kwa saa za London, msimu wao wa baridi, hapa Tanga ni saa tano usiku na Tokyo ni saa kumi na moja alfajiri ya kesho yake. Kwa wenyeji wa London ni muda mzuri baada ya chakula. Mwenzetu aliyekuwa mjumbe wa kamati moja ya kimataifa alikuwa akihudhuria akiwa amekaa kwenye ngazi za nje, Chumbageni, simu imeegemea ndoo, ili asiwaamshe watoto. Mwaka mzima alizungumza mara nne. Mwisho wa mwaka tathmini ikaandika kwamba wajumbe kutoka Afrika hawachangii vya kutosha. Niliisoma tathmini hiyo na iliniuma, kwa sababu aliyeiandika hakuwa mtu mbaya. Hakuwa ameziona zile ngazi.

Kwa kazi au kwa kanda

Karibu kila mpango mpya hufika kwenye swali moja: kamati zipangwe kwa aina ya kazi au kwa sehemu za dunia?

Zikipangwa kwa kazi, wakufunzi wote wa dunia hukaa meza moja, wa fedha meza yao, wa usalama wa watoto meza yao. Ujuzi unakaa pamoja na viwango vinafanana kila mahali. Ila Tanga inakuwa nukta kwenye ramani. Zikipangwa kwa kanda, kunakuwa na watu wanaojua kwamba Ramadhani hatuendeshi kambi, kwamba masika barabara za milimani Lushoto si za kupeleka watoto, kwamba shule hapa hufunguliwa Januari. Tatizo ni kwamba ujuzi unagawanyika vipande, na kanda yenye watu wachache humtumia mtu mmoja kwa kila kitu.

Wengi huamua kuchanganya, kamati za kazi ziwepo na za kanda ziwepo. Kwenye mchoro hupendeza. Kwa aliye tawini maana yake ni kwamba kila jambo lina milango miwili, na njia mbili zilimshinda fisi. Mchanganyiko huu unawezekana, nimeuona ukifanya kazi, ila pale tu iliposemwa waziwazi kwamba zikigongana, kauli ya mwisho ni ya nani. Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko mchoro mzima.

Skauti wana mfano unaofaa kutazamwa, maana ni harakati ya elimu ya vijana inayobebwa na watu wa kujitolea, na ina zaidi ya miaka mia ya kujipanga na kujipanga upya. Mkutano wao wa kwanza wa kimataifa ulifanyika London mwaka 1920. Kamati ya Dunia ikaundwa Paris mwaka 1922. Makao yalikaa London, yakahamia Ottawa, kisha Geneva mwaka 1968, na sasa yako Kuala Lumpur. Leo Mkutano wa Skauti wa Dunia hukaa kila baada ya miaka mitatu, wa 2024 ulikuwa Cairo, na kila chama cha taifa kina kura sita, kiwe kidogo au kikubwa namna gani. Mkutano hutoa mwelekeo, Kamati yenye wajumbe 12 wa kuchaguliwa huusimamia, ofisi yenye waajiriwa hutekeleza, na kanda, yetu ikiwa na makao Nairobi, hufuatana na nchi kwa karibu.

Mimi kinachonivutia hapo ni ile miaka mitatu. Mpango wa kazi hufungwa na kipindi, na vikundi vya kazi vilivyo chini ya Kamati huundwa kwa ajili ya kipindi hicho. Kipindi kikiisha, kikundi nacho hufika mwisho, na anayetaka kiendelee lazima atoe sababu upya. Hakuna anayevunjiwa heshima kwa kuambiwa muda umeisha. Alijua tangu siku anaingia. Ni akili ileile ya kamati ya harusi, ambayo tarehe yake ya kufa iko kwenye kadi ya mwaliko.

Wikimedia na kura ya 2024

Mfano wa pili nitakaa nao kidogo, kwa sababu umebeba karibu kila kitu kinachoweza kutokea.

Taasisi ya Wikimedia ilianzishwa Marekani mwaka 2003 ili kuibeba Wikipedia na ndugu zake. Mwaka huohuo Wikipedia ya Kiswahili nayo ilianza. Waandishi wote wanajitolea. Taasisi yenyewe ina waajiriwa. Mwaka 2006 iliundwa kamati ya kushughulikia vyama vya nchi vilivyokuwa vikichipuka. Mwaka 2012 kamati hiyo ikabadilishwa jina na upana, kwa kuwa chama cha nchi hakikuwa tena umbo pekee: vilikubaliwa pia vikundi vidogo vya watumiaji, ambavyo havihitaji ofisi wala uandikishaji mzito. Badiliko hilo lilikuwa dogo kwenye karatasi na kubwa huku kwetu, maana kikundi cha watu wachache wenye nia, katika mji wowote wa Afrika, sasa kingeweza kutambuliwa rasmi.

Mwaka huohuo wa 2012 ikaundwa kamati moja ya dunia nzima ya kushauri ugawaji wa fedha kwa vyama. Ilikuwa na viwango vya juu, maswali marefu, na ripoti zilizovifaa vyama vyenye waajiriwa. Baadaye ikaachwa, na kuanzia 2021 zikaja kamati za kanda, Mashariki ya Kati na Afrika tukiwa kanda moja. Ombi la kikundi cha Afrika likaanza kusomwa na watu wanaojua gharama ya kukodi ukumbi kwa siku au kununulia washiriki bando. Huo ndio upangaji wa kanda ukifanya kazi yake.

Lakini swali kubwa lilibaki: nani ana kauli ya mwisho juu ya harakati nzima, waandishi wanaojitolea au bodi inayowajibika kisheria? Mashauriano marefu ya mkakati yalizaa mapendekezo 10 mwaka 2020, moja likiwa kuundwa kwa baraza la dunia na hati ya kugawana majukumu. Mwaka 2021 ikaundwa kamati ya watu 15 ya kuandika rasimu ya hati hiyo: saba wakichaguliwa kwa kura za watu binafsi, sita wakitokana na vyama na vikundi, wawili wakiteuliwa na taasisi. Waliandika kwa zaidi ya miaka miwili, wote kwa kujitolea, wengine wakiacha njiani. Kura ikapigwa kati ya mwisho wa Juni na mwanzo wa Julai 2024. Watu binafsi walio wengi wakakubali. Vyama na vikundi vilivyo vingi vikakubali. Bodi ya Wadhamini, ambayo kwa kanuni zilizokuwepo idhini yake nayo ilihitajika, ikakataa, na rasimu ikaanguka. Bodi ikapendekeza kujaribu baadhi ya majukumu hatua kwa hatua, kwa kamati ndogo zaidi.

Nawajua watu walioumia kwa matokeo hayo, na nawaelewa. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema bodi ilidanganya. Kanuni ya milango mitatu ilikuwa imetangazwa kabla ya kura. Kosa, nionavyo, lilitangulia kura kwa muda mrefu: miaka inapita watu wanajadili umbo la baraza, idadi ya viti, uwiano wa kanda, ilhali swali la ni jambo gani bodi iko tayari kuliachia, na lipi haiwezi kuliachia, halijafungwa. Ungelifunga hilo mwaka wa kwanza, hata kwa ukurasa mmoja, usiku mwingi wa watu ungeokolewa.

Na hapa sheria inaingia, jambo ambalo wengi wetu hulidharau. Bodi inaweza kukasimu kazi kwa kamati. Haiwezi kukasimu wajibu. Nchini Uingereza, kwa mfano, ambako mashirika mengi ya hisani ya kimataifa yameandikishwa, wadhamini ndio wanaobaki kujibu hata kama uamuzi ulifanywa na kamati iliyo mbali. Kwetu pia ni hivyo: shirika lililoandikishwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Namba 24 ya mwaka 2002, hupeleka ripoti kwa Msajili kila mwaka, na Msajili hataki kusikia kwamba kamati ya Ulaya imebadilisha mchoro. Katiba ya tawi letu ilikuwa na kifungu kinachoitaja ile kamati ya mafunzo kwa jina. Ilipovunjwa, kifungu kikabaki kinaning'inia. Tukawa, kwa herufi ya katiba yetu wenyewe, hatuna uwezo wa kuidhinisha mkufunzi hata mmoja. Ikatubidi tuitishe mkutano mkuu na kuandika upya, mara hii bila kutaja jina: "chombo chochote cha kimataifa kitakachokuwa na jukumu la mafunzo". Kama katiba ya tawi lako inataja kamati za nje kwa majina, ifungue wiki hii uitazame.

Njia ya tatu, mbali na kupanga kwa kazi au kwa kanda, ni kuhamishia kazi za kamati kwa waajiriwa, nayo inataka maneno machache tu. Inaleta majibu ya haraka na inaokoa usiku wa watu. Inagharimu fedha, na polepole wanaojitolea wanageuka wateja wa shirika lililokuwa lao.

Kamati ambayo karatasi zake hazikupotea

Ukitoka Tanga mjini kuelekea kusini unafika Vibambani, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Wengi wanamjua kwa mashairi na hadithi. Wachache wanakumbuka kwamba alikuwa pia mjumbe wa kamati, Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, chombo cha kielimu kilichovuka mipaka ya nchi na kilichopangwa upya mara nyingi kuliko ninavyoweza kueleza hapa.

Kiliundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, kusanifisha lugha ya vitabu vya shule kwa msingi wa Kiunguja. Hakikuwa cha kujitolea kwa maana yetu; kilikuwa cha serikali za kikoloni na wamisionari, na kwa miaka mingi ya mwanzo wenye lugha hawakuwa na kiti. Hilo peke yake linaeleza mengi juu ya kamati zinazopangiwa watu wasiokuwepo mezani. Ofisi yake ilizunguka: Dar es Salaam, Nairobi, Makerere, Mombasa. Mwaka 1964 ikaingizwa katika Chuo Kikuu pale Dar es Salaam, ikawa chuo cha uchunguzi wa Kiswahili. Mwaka 1967 ikaundwa BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, kwa sheria, ikachukua upande wa usimamizi wa lugha nchini. Mwaka 2009 taasisi ya uchunguzi na idara ya Kiswahili ya chuo zikaunganishwa kuwa TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili.

Jina limebadilika, mji umebadilika, wenyewe wamebadilika, hata bendera zilibadilika. Ila kamati ile ilikuwa na jarida lake, na jarida halikufa. Lilihama na ofisi, likabadilishwa jina, na leo bado linatoka chini ya TATAKI kwa jina la Kiswahili. Mtafiti anayetaka kujua jambo fulani lilijadiliwaje miaka ya hamsini anayo pa kwenda. Kumbukumbu ilikabidhiwa. Kwa wanaojitolea hili ni zito zaidi, kwa sababu sisi hatuna faili la mwajiri. Tunachojua kimo kwenye simu ya mtu, na simu huibiwa.

Karatasi ya manila

Baada ya ule mkasa tulifanya jambo ambalo nadhani tawi lolote linaweza kulifanya kwa alasiri moja. Katibu wetu alibandika karatasi ya manila ukutani, akaigawa kwa kalamu nyekundu. Upande wa kushoto tuliandika kila kitu ambacho tawi letu liliwahi kuiomba ile kamati ya zamani, bila kujali hadidu za rejea zinasemaje. Tulipekua barua pepe za miaka sita. Zikatoka kazi 19. Upande wa kulia tuliacha nafasi ya kuandika nani anaifanya sasa, kwa cheo, na muda wake unaisha lini.

Ya kwanza tuliyotaka ijazwe ilikuwa malalamiko ya usalama wa watoto. Mzazi akija na jambo zito juu ya mtoto wake, barua haiwezi kukaa miezi saba. Tulikataa kuendelea na nyingine mpaka tupate jibu la hiyo, tukapiga simu usiku uleule, na tukapata. Nashukuru kwamba hiyo ilikuwa na mwenyewe, japo hakuna aliyekuwa ametuambia.

Kati ya zile 18 zilizobaki, tuliweza kujaza tano. Tukaipiga picha karatasi, tukaituma moja kwa moja kwa mjumbe wa bodi anayehusika na matawi. Alijibu siku ya nne. Hakujitetea. Alisema kazi sita kati ya hizo hakujua kama zilikuwa zikifanywa na mtu, na akaomba ruhusa ya kuipeleka picha yetu kwenye kikao cha bodi kama ilivyo, na mwandiko wa kalamu nyekundu na yote. Baadaye tulisikia kwamba matawi mengine manne yalitakiwa yaandike ya kwao, na kila moja lilitaja kazi ambazo sisi hatukuwa nazo.

Mwisho wa robo ile nafasi 17 zilikuwa zimejazwa. Mbili bado ziko wazi, mojawapo ni nani atatunza faharasa ya istilahi za Kiswahili ili Tanga na Mombasa wasitafsiri neno moja mara mbili. Tumejitolea kuitunza sisi mpaka apatikane mtu, na tumeandika hivyo, pamoja na tarehe.

Idhini ya mwongozo ilikuja mwezi uliofuata. Jumamosi ile, saa kumi alasiri, katibu alifungua daftari la vikao pale panapoandikwa Yatokanayo. Neno "tafsiri ya mwongozo, tunasubiri majibu" lilikuwa limenakiliwa kikao baada ya kikao, mara kumi na moja, kwa mwandiko wake uleule. Akalichora mstari kwa rula, taratibu, kisha chini yake akaandika cheo cha aliyejibu, na mwezi ambao muda wake utaisha.